Mvule Wako Una Shida Gani? Dalili, Sababu na Tiba Kutoka Mbegu Hadi Mti Mzee

Kila mvua za Machi zikishuka, miche ya mvule hutoka kwenye kitalu changu nje kidogo ya Jinja, Uganda, na kupanda bodaboda kwenda Iganga, Kamuli, Bugiri, mingine hadi Mbale na Luweero. Ikifika Juni simu zinaanza. Sauti hubadilika, shida ni zile zile: mche umeota vinundu, mche hautaki kurefuka, mti wa babu umepukutisha majani yote na wanunuzi wa mbao wameshasimama mlangoni. Nimezipanga hapa kwa dalili, kwa sababu mwenye shida hajui jina la ugonjwa. Anajua anachokiona.

Kabla ya kugusa panga au dawa, jibu maswali matatu. Mti una umri gani? Jirani zake ni nini: nyasi tupu, migomba, kahawa, ukuta wa nyumba? Na je, ndani ya mwaka huu kuna kilichobadilika hapo, kama msingi uliochimbwa, moto uliopita, au mti mkubwa wa kando uliokatwa? Nusu ya simu ninazopokea humalizwa na majibu hayo.

Mbegu zimepandwa, hakuna kilichoota

Sababu ya kwanza karibu kila mara ni mbegu kuukuu. Mbegu ya mvule ni ndogo sana, kilo moja inabeba mamia ya maelfu, na uhai wake ni mfupi. Haiwekwi kwenye kopo hadi msimu ujao kama maharage. Chukua mbegu chache, zipasue kwa ncha ya wembe: nzuri ina kiini cheupe chenye unyevu, iliyokufa ni tupu au imegeuka kahawia. Njia nyingine ni kuzimwaga kwenye beseni la maji. Tupu huelea.

Sababu ya pili ni kufukia sana. Mbegu ndogo hivi haina nguvu ya kupasua sentimita mbili za udongo. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, zitawanye juu ya tuta la mchanga na udongo laini, kisha pepetea vumbi jembamba tu la kuzifunika. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo. Ukimwaga kwa jagi utazikuta zote pembeni mwa tuta.

Ya tatu ni kukosa subira. Mbegu nzuri huanza kuchomoza baada ya wiki mbili au tatu. Usilivunje tuta kabla ya wiki ya tano.

Kama umethibitisha mbegu zilikuwa mbovu, zikusanye upya. Nenda chini ya mvule wa kike matunda yanapoanguka. Yanafanana na forosadi nene ya kijani, na si ajabu, kwa kuwa mvule ni wa ukoo mmoja na mforosadi, mfenesi na mutuba, mti wa nguo za magome. Okota yaliyolainika, yaloweke usiku kucha, yakamue kwa mkono, chuja kwa kitambaa, anika mbegu kivulini na uzipande wiki hiyo hiyo. Wahi asubuhi, kwa sababu popo huyapenda matunda hayo kuliko sisi. Wao ndio wapandaji wakubwa wa mvule: hula usiku, huruka na kuangusha mbegu mbali na mama. Mvule mwingi unaoukuta katikati ya shamba la mahindi bila mtu kukumbuka kuupanda ni kazi yao, basi usiwafukuze.

Usipopata mama wa kike karibu, kituo cha mbegu za miti cha NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, kiko Namanve, barabara ya Kampala kwenda Jinja. Uliza tarehe mbegu zilipokusanywa kabla ya kulipa.

Miche michanga inalala chini, shingo imekuwa nyembamba kama uzi

Hiki ni kinyausi, ukungu wa udongoni. Husababishwa kwanza na maji kupita kiasi, kisha na miche iliyobanana, kisha na kivuli kizito kisichopitisha upepo, na mwisho na udongo uliokwisha kutumika misimu mingi.

Acha kumwagilia jioni, mwagilia asubuhi. Inua paa la kitalu au punguza majani ya migomba uliyofunikia. Ng'oa iliyoanguka pamoja na udongo wake, uitupe mbali. Iliyobaki ikiwa na majani mawili hadi manne, ihamishie kwenye viriba, umeshika jani na si shina. Tuta lililoambukizwa pumzisha. Dawa ya ukungu sipendekezi kwa tuta la nyumbani: ikifika hatua ya kuhitaji dawa, miche imeshakwisha.

Ncha za matawi zimevimba, zina vinundu vya kijani, kisha zinaoza

Hapa ndipo mivule mingi inapofia, na ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kupanda misonobari. Naomba usome sehemu hii polepole.

Kinundu ni nyumba ya mdudu. Anaitwa Phytolyma, mdogo kama chawa wa mimea mwenye mabawa, na kazi yake yote duniani ni mvule na ndugu zake wa karibu. Mama hutaga mayai kwenye chipukizi laini. Tunutu akianguliwa hujipenyeza ndani ya jani au ncha, na mti wenyewe humjengea chumba kwa kuvimba pande zote. Anakula humo, anakua humo. Akikomaa kinundu hupasuka, mdudu huruka, na kidonda kinachobaki hushambuliwa na ukungu unaooza kushuka chini. Ncha hufa. Mti hutoa machipukizi mengine pembeni, nayo ni laini, mdudu hurudi. Baada ya mwaka una kichaka cha futi mbili badala ya mti.

Hakikisha kwanza. Kata kinundu kimoja kwa kisu. Ukikuta tunutu mweupe au wa manjano ndani ya tundu, ni yeye. Ukikuta jani limejikunja tu bila tundu, ni mdudu mwingine au ukame, na haistahili hofu.

Sababu zinazomleta kwa wingi ni hizi, kuanzia ninayoiona zaidi:

1. Mche umepandwa peke yake kwenye uwanja wazi, jua kali asubuhi hadi jioni.
2. Mivule mitupu imepandwa kwa safu kama shamba la mikaratusi. Mdudu akifika amefika karamuni.
3. Miche ilitoka kitaluni ikiwa tayari na vinundu, na mnunuzi hakuigeuza majani kuitazama.
4. Miche yote ni ya mama mmoja dhaifu. Mivule haifanani katika kustahimili mdudu huyu. Watafiti wa misitu nchini Ghana wamefanya kazi ya miaka mingi kuchagua ile inayovumilia, na hata kwenye kitalu changu naona mche mmoja umejaa vinundu na jirani yake una viwili tu.

Tiba huanza kwa mkono. Pita kwenye miche kila wiki wakati wa mvua, kwa sababu ndipo machipukizi laini yanapotoka. Kinundu ambacho hakijapasuka kikate pamoja na sentimita mbili za tawi zima chini yake, ukitumia kisu kilichofutwa kwa spiriti au kupitishwa motoni. Usikiangushe hapo chini. Vitie kwenye mfuko, kisha vichome au uvifukie kina cha kiwiko. Mtu anayekata vinundu na kuviacha shinani anampunguzia mdudu kazi ya kutafuta njia.

Kinundu kilichokwisha kupasuka kinataka mkato mrefu zaidi. Shuka na kisu hadi uone ndani ya tawi ni jeupe safi na utomvu unatoka. Ukiona rangi ya kahawia katikati, shuka tena. Kisha subiri machipukizi mapya, chagua moja lililonyooka na lenye nguvu, mengine uyaondoe yakiwa bado madogo. Ukiacha matatu yashindane utapata mti wenye shingo tatu, na miaka 20 baadaye shingo moja itapasuka juu ya paa lako.

Lakini kukata peke yake ni kufuta maji huku bomba likiwa wazi. Mche unataka majirani. Mvule mkubwa hupenda jua kichwani, ila mchanga hukua salama zaidi penye kivuli chepesi kinachochuja jua. Wazee wa Busoga na Buganda waliuacha ukue ndani ya kibanja cha kahawa na migomba, na sidhani ilikuwa bahati tu. Kama umeshaupanda peke yake, panda migomba miwili mitatu upande wa magharibi, umbali wa mita mbili au tatu, au grevilea inayokua haraka, au hata mbaazi ya kuanzia. Mvule ukishapita kimo cha mtu mara mbili, anza kuyapunguza majani ya jirani zake kidogo kidogo ili kichwa kipate jua.

Na kama ndiyo unaanza, usiweke mvule juu ya mvule. Weka mmoja, kisha mita 10 za miti mingine, kisha mmoja.

Sasa habari ya dawa. Watu hunipigia wakiwa dukani, chupa mkononi. Dawa za kupuliza zinazoua kwa kugusa hazimfikii tunutu, yuko ndani ya chumba kilichofungwa. Utakachoua ni nyuki na wadudu wanaomla adui yako. Zipo dawa zinazofyonzwa na mti, lakini hizo zina hatari yake kwa nyuki, kwa maji ya kisima na kwa mpulizaji, hasa kwenye kibanja kile kile unachovuna mboga. Simama hapo. Kama una miche mamia na vinundu vimeishinda mikono yako, mwite afisa kilimo wa gombolola au afisa misitu wa wilaya aione kwa macho kabla hujanunua chochote. Chuo cha utafiti wa misitu, NaFORRI, kiko Kifu, Mukono.

Kwa mvule mkubwa wenye vinundu kwenye matawi ya juu: achana navyo. Hauumii kiasi cha kukunyima usingizi.

Mche hauna vinundu, lakini miaka miwili haurefuki

Anza na nyasi. Lumbugu ikiuzunguka mche, inakunywa maji na chakula chote cha juu. Palilia duara la mita moja, weka matandazo ya majani makavu au mabua ya mahindi unene wa kiganja, ila yasiguse shina. Mara nyingi tiba ni hiyo tu, na baada ya mvua moja utaona jani jipya.

Kama ulishapalilia, fukua kidogo karibu na shina. Mche uliokaa kwenye kiriba muda mrefu huzungusha mizizi kama kamba kwenye ndoo. Ukiupanda hivyo, mizizi inaendelea kuzunguka na mwishowe inajinyonga. Mche wa mwaka wa kwanza unaweza kuuinua wakati wa mvua, kuinyoosha mizizi, kukata ule uliojipinda kabisa na kuupanda tena. Wa miaka mitatu usiuinue. Kata tu mzizi unaolikaba shina, mmoja kwa msimu.

Tatu, maji yaliyosimama. Mvule hauwezi kukaa kwenye kinamasi. Chimba shimo la futi mbili kando yake baada ya mvua, lijaze maji, urudi kesho. Yakiwa bado yapo, udongo hautiririshi. Hamisha mche mdogo; kwa mkubwa chimba mfereji wa kuondoa maji.

Nne, mahali penyewe. Mvule ni mti wa nchi ya joto, hustawi hadi kama mita 1,200 au 1,300 juu ya usawa wa bahari. Jinja na Kampala ziko ndani ya mpaka huo. Kabale iko juu ya mita 1,800, na miche niliyoituma huko ilisimama tu kama imeambiwa isubiri. Siku hizi nakataa kuuza kwa mtu wa Kabale na ninamwambia kwa nini. Huko kuna miti mingine inayofaa.

Tano ndiyo samadi. Naiweka mwisho kwa makusudi. Watu huanza nayo, wanamimina ndoo ya kinyesi kibichi cha kuku, mizizi inaungua, kisha wanasema mvule ni mti mgumu. Samadi iliyooza miezi mitatu, debe moja kwa mwaka, inatosha.

Niliuziwa mti mwingine. Majani hayafanani na ya mvule wa nyumbani

Huenda hukudanganywa. Jani la mvule mchanga lina meno pembeni kama msumeno na ukilipapasa linakwaruza. La mti mzima ni laini, pembe zake nyororo. Mtoto hafanani na babu yake hadi akue.

Jaribu hivi: chuma jani moja. Mvule hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Ukikosa utomvu kabisa, rudi kwa aliyekuuzia. Ukiupata bado hujamaliza, maana ndugu zake wengi wa ukoo nao hutoa maziwa. Peleka tawi lenye majani kadhaa kwa afisa misitu akutazamie.

Mche umekatika au umekauka ghafla

Tazama ulipokatika. Ukikatika juu, majani yameliwa na ncha imechanwa, ni mbuzi. Mbuzi anaupenda mvule. Hakuna dawa ila uzio: miti minne, fito, miiba ya kuzungushia, kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Mche ulioliwa juu huchipua tena, usiung'oe.

Ukiona udongo umepandishwa kwenye shina kama bomba, ni mchwa. Hapa watu hushangaa: mbao ya mvule si inasifika kwa kumshinda mchwa? Ndiyo, kiini cha mti uliokomaa kinamshinda. Mche haujakuwa na kiini. Mchwa huja hasa kwenye mche uliokwisha dhoofika kwa kiu, na kwenye matandazo makavu yaliyolundikwa shinani. Vuta matandazo nyuma kiganja kimoja, vunja mabomba, mwagilia, endelea kutazama kwa mwezi.

Mche ukilegea na kung'oka kama umeshikiliwa na hewa, mizizi imeliwa chini na fuko. Tafuta vilima vya udongo mpya. Mtego wa mtaalamu wa kijiji ni bora kuliko sumu, na sumu shimoni huishia tumboni mwa mbwa wa jirani.

Kabla ya kutangaza kifo, kwaruza gome kwa ukucha karibu na ardhi. Kijani chenye unyevu maana yake mti uko hai. Ukate sentimita 10 juu ya hapo, usubiri mvua.

Mti mkubwa umepukutisha majani yote

Mwaka mmoja, mwezi wa pili, mama mmoja wa Iganga alinipigia akilia. Mvule aliouacha marehemu mumewe, mnene kiasi kwamba watu watatu wakishikana mikono hawaufikii, ulibaki mifupa. Wanunuzi wa mbao walikuwa uani tangu asubuhi: "Mama, mti umekufa huo. Tukupe pesa leo kabla haujaoza, baadaye hutapata hata shilingi." Nilimwambia, "Mama, usitie saini kitu. Nisubiri hadi kesho." Nilipofika nilikwaruza tawi alilonishushia mjukuu wake. Kijani. Nikamwonyesha vichipukizi vilivyoanza kuvimba kwenye ncha. Wiki tatu baadaye kivuli kilikuwa kimerudi.

Mvule hupukutisha majani. Ni tabia yake, hasa kwenye kiangazi cha Desemba hadi Februari, na hukaa uchi kwa muda mfupi tu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Jaribio ni la ukucha: tawi lenye kijani chini ya gome halijafa, na likipindwa linakunjika badala ya kuvunjika kwa mlio. Mti ukibaki uchi hadi katikati ya mvua za Machi, ndipo uanze kutafuta sababu nyingine.

Nazo ni hizi. Mizizi iliyokatwa: msingi wa nyumba, choo, mtaro wa barabara. Mti huanza kufa upande ule ule uliokatwa mizizi. Kisha moto wa takataka uliowashwa shinani. Tazama gome kama limepasuka na kuachana na mti. Kisha radi, ambayo huacha mstari uliochanika kutoka juu hadi chini. Na kuna inayoumiza kuitaja: mtu aliyebandua gome kuzunguka shina usiku ili mti ufe na kibali kipatikane kirahisi. Ukiona pete hiyo, mwite mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, aone siku hiyo hiyo na piga picha.

Kwa mizizi iliyokatwa, acha kuchimba upande wa pili, weka matandazo chini ya kivuli chote, mwagilia kiangazi. Usikate matawi ya kijani "kuupunguzia mzigo". Majani hayo ndiyo yanayoulisha mti ujenge mizizi mipya. Tawi lililokufa kabisa ndilo la kuondoa.

Uyoga shinani, shimo ndani ya mti, tawi kubwa limekauka

Utomvu mweupe kwenye kidonda kipya ni kawaida na hukauka wenyewe. Usipake rangi wala saruji. Kujaza saruji kwenye tundu la mti ni desturi mbaya iliyoenea. Maji hunaswa nyuma yake na kuoza kunaongezeka.

Uyoga unaorudi kila mvua kwenye maungio ya shina na ardhi ni habari nzito zaidi, maana yake kuna kuoza ndani. Gonga shina kwa rungu la mti, zunguka, sikiliza. Sauti nzito ni mti mzima. Sauti ya ngoma ni uwazi. Mti wenye uwazi unaweza kuishi miaka mingi sana, basi sauti ya ngoma peke yake si hukumu.

Simama na uite mtaalamu ukiona lolote kati ya haya: mti umeanza kuinama ambapo zamani ulikuwa wima, udongo umepasuka au kuinuka upande mmoja wa shina, kuna ufa mrefu pale shingo mbili zinapoachana, tawi lililokufa liko juu ya nyumba, njia ya shule au waya wa umeme. Waondoe watoto chini yake kwanza, simu baadaye. Waya wa umeme ukiguswa na tawi, hata usiusogelee mti; wapigie wenye umeme. Usimpe kijana wa kijijini panga na shilingi elfu 20 apande mvule wa mita 30. Nimezika mtu kwa sababu hiyo.

Na kukata mvule mzima, hata ulio kwenye kibanja chako mwenyewe, kunataka kibali. Anzia kwa afisa misitu wa wilaya. Mfanyabiashara akikwambia kibali ni kazi yake, omba ukione kwa jina lako na idadi ya miti, kabla msumeno haujawashwa.

Mizizi inainua sakafu

Hapa sina tiba nzuri. Mti ulipandwa karibu mno. Mvule unaweza kufika mita 30 hadi 50, na mizizi mikubwa hutokeza juu ya ardhi pande zote za shina. Mche uwe angalau mita 15 kutoka ukutani, mbali na choo na waya. Kwa mti ambao tayari uko hapo, kukata mzizi mnene upande wa nyumba kunaupunguzia mti nanga yake, na utaangukia upande ule ule au mwingine siku ya upepo. Fundi wa nyumba na afisa misitu wasimame pamoja hapo mlipo, waamue. Kama ni sakafu ya baraza tu, hamisha baraza.

Mti una miaka mingi na hauzai

Mvule una dume na jike, kila mmoja mti wake. Dume huning'iniza maua membamba marefu kama mikia, kisha huyaangusha yote. Hakuna kasoro. Na jike asiye na dume jirani huangusha matunda yenye mbegu zisizoota.

Mti umeshaanguka au umeshakatwa

Usichome kisiki. Mvule huchipua tena kisikini, na mara nyingine hata kwenye mizizi iliyojeruhiwa na jembe mita kadhaa kutoka shinani. Kwa kupasua mbao, mwonye fundi mambo mawili: ndani ya mvule mzee mara nyingine kuna jiwe jeupe la chokaa lililojengeka humo, linavunja meno ya msumeno na kurusha vipande machoni, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua, hivyo afunge pua na mdomo na afanyie kazi penye upepo.

Kisikini yatatoka machipukizi mengi kwa mvua ya kwanza. Yazungushie miiba dhidi ya mbuzi, kata vinundu kama nilivyoeleza, na yakifika kiunoni chagua moja lililotoka karibu kabisa na ardhi, kwa kuwa lile la juu ya kisiki hubanduka likishanenepa. Mengine yaondoe. Panda mgomba upande wa magharibi.